Udi wanukia sukari iliyoungua

Swali: Nikifukiza udi wa sukari, chumba chanuka kuungua na buibui langu latoka na harufu ya moshi. Nakosea wapi? (Msomaji, Kisauni)

Jibu: Dada, udi wako hauna neno, kosa ni moto. Kaa likiwa bado jekundu, sukari huungua kabla manukato hayajapanda. Tandaza jivu ndani ya chetezo, unene wa vidole viwili, weka kaa moja, ulisubiri mpaka livae jivu jeupe. Ndipo utie kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Moshi mzuri hupanda mwembamba. Ukiwa mzito na wenye kuwasha macho, ondoa kipande kwa koleo, lifunike kaa kwa jivu kidogo, urudie.

Buibui lifukize likiwa kavu kabisa, dakika tano tu, mbali kidogo na kaa. Vitambaa vingi vya buibui huyeyuka upesi. Dirisha lisifungwe kamwe, hewa ya makaa ni sumu.

Na udi uweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana. Sukari huvuta unyevu wa Mombasa, na udi uliolowa hutoa moshi mwingi, harufu haba.