Upepo wa kaskazi ndani ya karai

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utafundishaje darasa la nne biashara ya pwani bila kuwakaririsha, na shule haina vifaa. Waunde majahazi! Kumbi la nazi ndicho chombo, kijiti ni mlingoti, tanga ni kipande cha kanga kuukuu kilichokatwa pembetatu. Jaza karai maji, ukingo mmoja uandike Maskati (mji wa Omani), wa pili Zanzibar. Mtoto apepee kwa kipepeo cha jikoni kutoka Maskati: hiyo ndiyo kaskazi, ya Desemba hadi Machi. Usiwaeleze mapema kwa nini wafanyabiashara walikaa Unguja wakisubiri kusi, upepo unaovuma kutoka kusini. Waache wahangaike kurudisha chombo upepo ukiwa wa mbele, watakwambia wenyewe. Shehena iwe karafuu na tende. Tanga likilowa huwa zito, weka vitambaa vya akiba.