Mama haumwi, apimwe ya nini?
Dada wa Tukuyu, unasema mama yako wa miaka 45 hataki kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa kuwa "haumwi popote". Wanaotakiwa kupimwa ndio hao wasioumwa. Virusi vya HPV huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, mpaka vilete saratani, na muda wote huo mtu analima viazi vyake kama kawaida. Akisubiri damu ianze kutoka ovyo, huenda amechelewa.

Shangazi yangu naye aligoma, akidhani atakatwa. Nikamsindikiza. Nesi alichovya pamba kwenye siki nyepesi, akapaka, akasubiri kama dakika moja, akaangalia kama pamegeuka peupe. Basi. (Shangazi akauliza kama ndiyo ile ya kachumbari!) Wakiona madoa, mara nyingi huyagandisha au kuyachoma kwa joto siku hiyohiyo, kabla hayajawa saratani.

Mwambie abebe kitenge, asiende akiwa kwenye siku zake, na akiona aibu aombe nesi wa kike. Wewe nawe kama umefika 30, pimeni wote. Nani aanze, mtakubaliana kwenye daladala.