Mhamiaji haramu au mhamiaji asiye na kibali?

Msomaji wa Tabata, anayetafsiri habari za nje katika kituo kimoja cha redio hapa Dar es Salaam, ameniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Katika habari za Marekani, kwenye mjadala wa watu walioishi kule miaka mingi bila ruhusa, mimi naandika 'wahamiaji wasio na nyaraka'. Mhariri wangu anafuta, anaweka 'wahamiaji haramu'. Nani yuko sahihi? Na hao waliokwisha kujenga maisha kule, naweza kuwaita walowezi?"

Marahaba, mwanangu. Mhariri wako simuungi mkono, ingawa na hilo lako nitaligusa.

Haramu ni neno zito. Tunalipa vitu na vitendo: nyama haramu, mali haramu, pombe haramu. Tukimpa mtu, anakuwa mwanaharamu, na kila aliyekulia uswahilini anajua ugomvi uliowahi kuzuka kwa sababu ya neno hilo. "Uhamiaji haramu" sina ugomvi nao, maana kinachokatazwa ni tendo. "Mhamiaji haramu" inalitoa kosa kwenye tendo na kulibandika kwa mtu.

Naona sarufi nayo imechangia. Haramu haichukui viambishi vya upatanishi, kwa hiyo hung'ang'ania nomino iliyo jirani. Chukua "biashara ya wahamiaji haramu". Haramu ni biashara au ni wahamiaji? Kwa "-baya" ungesikia tofauti papo hapo: biashara mbaya, wahamiaji wabaya. Kwa haramu husikii kitu, na wanaobeba lawama ni watu.

Sasa "nyaraka". Huyo mtu huenda ana pasipoti, cheti cha kuzaliwa, mkataba wa pango, hata risiti za kodi. Alichokosa ni kibali cha ukaazi, basi sema hivyo: asiye na kibali. Na usiandike kwamba wote "waliingia kinyemela". Wengi Marekani waliingia kwa viza, kupitia uwanja wa ndege, wakapitiliza muda. Wengine walibebwa wakiwa watoto. Si wote waliopita njia za panya.

Nina fundi cherehani wangu Kariakoo. Aliletwa nchini mwaka 1972 akiwa mgongoni kwa mama yake, wakikimbia mauaji ya Burundi, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Siku moja alifungua droo ya cherehani akatoa cheti cha uraia, kimefungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Ni mmoja wa wakimbizi zaidi ya 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Vyeti vikatolewa mwaka 2014. Yeye alikuwa mkimbizi aliyepokewa na serikali, na mkimbizi usimchanganye na asiye na kibali. Namtaja kwa sababu moja: karatasi ile ilibadilisha hadhi yake, mtu akabaki yuleyule anayenipunguzia suruali. Neno la hadhi liandikwe kama hadhi, kitu kinachoweza kubadilika.

Angalia pia "msamaha". Sheria ya Marekani ya mwaka 1986, iliyosainiwa na Rais Ronald Reagan, iliwapa ukaazi halali watu wapatao milioni 2.7. Sehemu kubwa walikuwa wameingia kabla ya mwaka 1982. Reagan mwenyewe alilitumia neno hilo la msamaha. Leo kule limekuwa fimbo ya wanaopinga wahamiaji hao kupewa ukaazi. Kwetu msamaha unamkumbusha msikilizaji wafungwa wanaoachiwa na Rais siku ya Muungano. Liache kinywani mwa aliyelisema. Wewe, kwa sauti yako, sema "kuhalalisha ukaazi wao".

Tumebaki na walowezi. Kulowea ni kukaa ugenini mpaka pakawa kwenu, kwa hiyo maana inakubali kabisa. Shida ni kwamba mlowezi, kwa wengi wetu, bado ni mkoloni aliyetwaa mashamba. Maofisa wetu wa Idara ya Uhamiaji wamelitatua vizuri: watu wa nchi jirani walioishi Kigoma miaka na miaka wanawaita "wahamiaji walowezi". Tangulia na hilo la "wahamiaji", halafu taja kibali. Mimi ningeandika hivi: "Bunge la Marekani linajadili hatima ya wahamiaji waliolowea nchini humo bila kibali." Ni ndefu kuliko ya mhariri wako kwa maneno machache tu, na taarifa ya habari ina nafasi ya kuyabeba.