Farasi aliyetoka kuugua akianza vurugu, angalia kwanza zinatokea wakati gani

Mkuu, nimesoma maelezo yako: farasi wako jike ameugua homa ya kupe, daktari kasema amepona, ila tangu umrudishie tandiko anarusha mateke, anagoma kutoka getini, na juzi kasimama kwa miguu ya nyuma. Kijana wako wa banda anasema ni jeuri tu, achapwe. Nimehudumia farasi wa kupandisha watu huku Kigamboni kwa miaka mingi, na nakuomba sana fimbo iwekwe pembeni. Unasema hata zamani alikuwa mtukutu. Sawa, lakini mwili alio nao leo si ule wa kabla ya homa.

Vijidudu vya homa ya kupe vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, ndiyo maana wengine hukojoa mkojo mwekundu na fizi kugeuka manjano. Dawa inavipiga vijidudu, lakini damu iliyopotea inarudi taratibu, kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo wengi wetu tunadanganyika. Homa imeshuka, anakula, manyoya yanang'aa, kumbe damu ya kufanyia kazi bado hana. Kabla hujapanda tena, mwombe daktari apime wingi wa damu. Kwa farasi mzima, chembe nyekundu huwa kama asilimia 32 hadi 48 ya damu yote. Damu itolewe akiwa ametulia bandani, maana farasi huweka akiba ya chembe hizo kwenye wengu, na akishtuka akiba yote inamwagika kwenye mishipa. Ukipima hapo, majibu yanatoka mazuri kuliko hali yake halisi. Pia ujue kwamba wengine hubaki na vijidudu mwilini hata baada ya tiba, na kazi nzito inaweza kuviamsha.

Tukija kwenye vurugu zenyewe, andika zinatokea katika hatua gani ya kazi. Wakati wa kufunga mkanda wa tandiko? Getini? Au akiwa ameshatembea kitambo? Kila jibu linakupeleka kwenye shida tofauti.

Kama ni wakati wa kutandika, tazama mgongo. Farasi aliyeugua anapungua nyama hasa nyuma ya mabega, na tandiko lililomkaa vizuri mwaka jana sasa linashuka na kubana. Mvue kila kitu, bonyeza taratibu kwa vidole viwili kuanzia kwenye kinundu cha mabega hadi kiunoni, huku ukitazama masikio. Tulikuwa na jike mmoja wa kahawia, ukifika upana wa kiganja nyuma ya bega la kushoto ngozi inatetemeka, masikio yanalala nyuma, anageuza kichwa kuutazama mkono wako. Kidonda hakuna, uvimbe hakuna. Siku tulipomvua tandiko baada ya matembezi, mgongo wote ulikuwa umelowa jasho isipokuwa doa moja kavu palepale, ukubwa wa kisosi, yaani hapo ndipo tandiko lilikuwa linabana. Huyo naye aliitwa jeuri. Tulimbadilishia tandiko, na mateke ya wakati wa mkanda yakapungua mpaka yakaisha. Usikimbilie kukunja blanketi nene chini ya tandiko lilelile, maana mara nyingi unazidisha kubana.

Kama anaanza vizuri halafu katikati ya kazi anagoma, anapunguza mwendo na kupigapiga mkia, kwanza shuku pumzi au joto. Dar ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na farasi anapoa kwa shida. Wapo pia wanaoacha kabisa kutoka jasho katika hali ya hewa kama yetu. Ukikuta ngozi kavu huku anahema kwa nguvu, shuka mara moja, mpeleke kivulini, mwagie maji mengi na umwite daktari. Wetu tunawatoa alfajiri, kabla jua halijashika.

Kama tatizo ni getini tu, na bila mtu mgongoni anafanya vilevile, hapo ndipo nakubaliana kidogo na kijana wako. Siku za ugonjwa alikaa na wenzake, akabembelezwa, akalishwa mkononi. Sasa hataki kuwaacha. Hilo linarekebishwa chini, si juu ya tandiko. Mshike kwa kamba, mwombe hatua moja mbele. Akitoa, legeza kamba palepale. Mwombe arudi nyuma, asimame, ageuke, na kila akijibu mlegezee. Akianza vurugu usimrudishe bandani wakati huohuo, maana atajua njia ya kupumzika ni ipi. Mwombe kitu kidogo anachokiweza, akifanye, ndiyo mrudi. Na punguza nafaka. Farasi asiyefanya kazi akilishwa chakula cha kazi lazima atafute pa kuzitoa nguvu hizo. Majani mengi na maji yanatosha, na jiwe la chumvi lisikosekane.

Kurudi kazini kwenyewe, anza kumtembeza kwa mkono dakika chache, ongeza mpaka nusu saa bila kuhema. Ndipo umpande, hatua za kawaida tu. Mchakamchaka uje kwa vipande vifupi baada ya hapo, na shoti iwe ya mwisho kabisa, hata kama yeye mwenyewe anaomba. Ukimpeleka ufukweni subiri maji yapwe, umpitishe kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Ule mchanga laini wa juu unavuta sana kano za miguu iliyokaa bila kazi.

Kipimo changu cha kila siku ni mapigo ya moyo. Shika mshipa chini ya taya, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Akiwa amepumzika yawe kati ya 28 na 44 kwa dakika. Ukimaliza kazi, ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano yawe yameshuka chini ya 60. Yasiposhuka, kazi ilikuwa kubwa, kesho yake punguza. Joto la mwili likipita nyuzi 38.5 akiwa amepumzika, simamisha kila kitu na urudi kwa daktari. Kupe nao wakaguliwe kila siku, masikioni, chini ya mkia na katikati ya mapaja.

Mpe huyo kijana daftari aandike mapigo, joto, na dakika ambayo vurugu zimeanza. Ukishapata maandishi ya wiki moja, yaweke hapa pamoja na picha ya mgongo ukiwa hauna tandiko, upande wa kushoto na wa kulia, tuangalie pamoja.