Kabla hujaandika eneo lako la utafiti, ingia stoo ya maabara

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja niliyemfundisha shahada ya kwanza alinipigia simu. Anaomba kazi ya mkufunzi msaidizi katika idara ya kemia, na amekwama kwenye barua, pale wanapotaka aeleze anapenda kutafiti nini na kufundisha nini. "Mwalimu, niandike nini ili wanichukue?" Swali hili huniletea vijana wengi kila mwaka, kwa hiyo namjibu hapa ili na wengine wasome.

Nilipokuwa kama yeye, niliandika kile nilichotoka nacho masomoni nje ya nchi. Kule nilizoea mashine ya NMR, ile inayotumia sumaku yenye nguvu kubwa kuonyesha atomi zilivyoungana ndani ya molekuli. Asubuhi unaweka sampuli, kabla ya chai una majibu. Niliporudi nikajipangia utafiti uleule, wakati mashine nimeiacha kule. Sumaku ya namna ile hukaa ndani ya heli ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na heli hiyo hugeuka mvuke taratibu, kwa hiyo ni lazima iongezwe mara kwa mara. Sisi hatukuwa na mashine wala heli. Nikawa natuma sampuli kwa rafiki na kusubiri miezi. Miaka mitatu ikapita nina makala moja tu jaridani, na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu nawafundisha spektroskopia, yaani kuzitambua molekuli kwa mwanga na mawimbi, kwa picha za kitabuni. Hilo la wanafunzi ndilo linaloniuma hadi leo.

Aliyenitoa huko ni fundi sanifu wa maabara yetu, mzee aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Siku moja aliniuliza, "Daktari, stoo yetu umewahi kuingia?" Sikuwahi. Akafungua, tukapita rafu moja baada ya nyingine: ethanoli, heksani, asidi hidrokloriki, silika, bureti, taa ya miale ya urujuanimno, na ndoo nzima ya chokaa. Kisha akaanza kunisimulia habari za mama yake, aliyekuwa mbanguaji wa korosho huko Newala. Vidole vyake vilikuwa vyeusi nchani, ngozi inababuka, na kila asubuhi alipaka majivu mikononi kabla ya kushika kazi. "Nyinyi wakemia," akasema, "mmewahi kujiuliza ni kitu gani kile kilichomla mama vidole?"

Kinachobabua ni mafuta ya ganda. Sehemu kubwa yake ni asidi anakadiki, pamoja na kadoli na kadanoli kidogo. Molekuli hizi zina mkia mrefu wa kaboni 15, na mkia huo ndio unaoziwezesha kupenya ngozi. Na zote unaweza kuzisoma kwa vitu vilivyokuwa kwenye zile rafu. Unaloweka maganda katika ethanoli, unachuja, unatia chokaa. Asidi anakadiki inashikana na kalsiamu na kutuama chini, huku zile nyingine zikibaki juu. Unachuja tena, unatia asidi hidrokloriki, na asidi anakadiki yako inarudi ikiwa peke yake.

Baada ya hapo nawaambia wanafunzi waipashe moto polepole, wapitishe hewa inayotoka kwenye maji ya chokaa. Maji yanageuka meupe kama maziwa, kwa sababu kinachotoka ni hewa ya ukaa. Kila baada ya dakika 10 wanachukua tone, wanaliweka kwenye bamba la silika, wanaacha kiyeyusho kipande na kuzitenganisha kemikali, kisha wanalimulika kwa ile taa. Doa la asidi linafifia, na juu yake linazidi kukolea doa la kadanoli, ambayo viwandani hutengenezewa vanishi na vifaa vya breki za magari. Mwanafunzi aliyekariri mishale ya mmenyuko huo ubaoni sasa anauona ukitokea mbele yake. Darasani tunatumia Kiingereza, lakini kwenye meza ile maswali huja kwa Kiswahili, na huja mengi.

Tahadhari moja, maana nilijifunza kwa maumivu ya mtu mwingine: mwaka wa kwanza niliruhusu glavu nyembamba, mafuta yakapenya, na binti mmoja akatoka malengelenge kwenye viganja vyote viwili. Tangu siku hiyo ni glavu nene za nitraili, na asiye nazo hagusi ganda.

Kutokana na meza ile wamepatikana wanafunzi wa uzamili, na mimi nimepata makala nyingi kuliko wakati ule wa kusubiri majibu ya rafiki. NMR bado naihitaji. Ila sasa natuma sampuli tatu au nne ambazo najua nazitafutia nini.

Kwa hiyo, kijana wangu, usiandike "kemia ya kaboni, kemia ya mazingira na nanoteknolojia". Nimekaa kwenye kamati za usaili. Sentensi hiyo tunaisoma mara 20 kwa siku na haitubakizii chochote kichwani. Andika swali moja, na chini yake andika jaribio ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili atalifanya kwa saa tatu kutokana na swali hilo. Ukishindwa kuliandika jaribio, basi swali lako bado ni la maabara ya mtu mwingine.

Na wewe swali unalo, tena limo kinywani mwako. Ulikulia Arumeru, meno yako yana ile rangi ya kahawia, na darasani uliwahi kutueleza habari za mdogo wako ambaye miguu imepinda. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru hubeba floraidi nyingi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Pale Ngurdoto kuna kituo ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Mkaa huo huchoka. Unachoka baada ya lita ngapi kwa maji ya kijijini kwenu, na mama wa nyumbani atajuaje kwamba umechoka? Hilo ni swali la utafiti, na ni somo la muhula mzima.

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, mpigie fundi sanifu wa idara unayoiomba. Muulize kama elektrodi ya floraidi, kile kifaa cha kuipimia majini, ipo na kama bado inasoma sawasawa. Halafu ukienda nyumbani Pasaka, beba chupa za plastiki, za kioo ziache. Zisuuze kwa maji yaleyale ya chemchemi kabla ya kujaza, na juu ya kila moja andika mahali na saa ulipochota.