Kabla ya Kusema Chee, Pindua Simu Uone Chini Yake

Mhariri, salaam.

Swali lenu la wiki linauliza: "Ni kitu gani cha kale ulichokipata kwa bei ya chee, ambacho leo unajivunia?" Mimi nakusanya simu za mezani za kuzungusha, zile zenye kisahani cha matundu kumi, kwa hiyo nimeona kama mmenigongea mlango. Lakini swali lenyewe limeniudhi kidogo. Linachukulia kwamba siku ya kununua, mnunuzi anajua amenunua nini. Kwa simu hizi hujui mpaka umefungua skrubu za chini ukaona nani aliingia humo kabla yako. Basi nitajibu la kwangu: ukitajiwa bei ndogo, uangalie nini?

Angalia uzito. Ndani ya simu ya zamani mna koili za waya wa shaba na kengele mbili za chuma au shaba nyeupe, na watu wa skrepa wanalijua hilo kuliko sisi wakusanyaji. Wanachomoa vitu vyao, wanarudisha kifuniko, halafu ganda tupu linapandishwa mezani kuitwa "antiki". Ukiinyanyua ikakujia kirahisi, irudishe. Hata hivyo ganda ni afadhali kuliko zile mpya za madukani zinazoigiza uzee, ambazo kisahani ni pambo tu na katika kila tundu kuna kitufe cha kubonyeza.

Kisha zungusha sifuri, uachie. Usikisukume kisahani kwa kidole, kiache kirudi chenyewe. Kila namba ni idadi ya mara ambazo simu inakata umeme wa laini: tatu ni mara tatu, sifuri ni mara kumi, na kasi yake ni mapigo kumi kwa sekunde. Kwa hiyo sifuri inatakiwa irudi kwa muda wa sekunde moja hivi. Ikirudi kwa kujikongoja, gavana wake mdogo wa ndani, kile kidhibiti kasi, ameshika uchafu, na hapo dawa yake ni fundi saa. Msitie mafuta ya kupikia, nawaomba. Nimeshaikuta.

Na mtu akikwambia "hii ya Mjerumani", cheka kimoyomoyo. Zile nyeusi za bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani), pana chini, zenye kidroo kidogo cha kuvuta kwa mbele, ni umbo la modeli namba 332 ya Posta ya Uingereza, na hiyo ilianza 1937. Mjerumani alikuwa ameshaondoka Tanganyika zamani. Zile za plastiki zilizolainika pembe ni ndugu wa 706, ya 1959. Bakelaiti utaijua kwa kuisugua kwa dole gumba mpaka ipate moto, kisha uinuse: inatoa harufu kali ya dawa. Plastiki ya baadaye haitoi.

Sasa simu yangu ya Gerezani, mtaa wa hapa Dar es Salaam.

Alikuwa mzee mmoja mwenye meza ya pasi za mkaa, mabomba na vitasa. Simu ilikuwa nyuma, nyeusi, imejaa vumbi, na kwenye tundu la namba moja imepigwa kufuli. Wa rika langu mnalijua kufuli hilo. Baba akitoka kwenda kazini anafunga simu, kisahani hakivuki moja, na bili ya Posta na Simu ikija anajua hakuna mtoto aliyeongea na rafiki zake mchana kutwa. Ndivyo alivyoamini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Hiyo simu unauzaje?"

"Hiyo ya Mjerumani. Elfu sitini. Ila ufunguo wa kufuli sina, kwa hiyo wewe nipe arobaini."

Nikakausha uso. Mimi simu za namna ile ninazo, lakini yenye kufuli lake la zamani, lililoshika kutu mahali pake, sikuwa nayo. Nikajifanya naangalia pasi. Nikauliza bei ya kitasa ambacho sikukihitaji. Nikarudi kwenye simu, nikaguna, nikasema kufuli hilo ni tatizo kweli.

"Tatizo gani?" akasema, akainama chini ya meza akatoka na msumeno wa chuma. "Nakukatia sasa hivi, dakika mbili."

Akaushika mkonga akauweka pembeni, akaweka meno ya msumeno kwenye kufuli, na mimi nikamshika mkono. "Acha mzee! Acha hivyo hivyo."

Akanitazama. Akaushusha msumeno polepole, akaufuta kwa kitambaa, akaulaza.

"Kumbe unalitaka na kufuli lake."

"Mzee, si umesema arobaini?"

"Arobaini ilikuwa ya simu mbovu. Hii nzima. Hamsini na tano."

Nilipomwomba bisibisi nikafungua chini, kengele hazimo. Sikusema neno, nikamwonyesha tu. Hakuona haya hata kidogo. Akavuta kopo la Blue Band lililojaa nati, akachokoachokoa, akaziibua mbili zote, akazigonganisha: moja sauti nene, nyingine nyembamba. "Hizi nauza peke yake. Elfu kumi."

Tukapatana sitini kwa vyote. Wakati anafunga kwa gazeti akaniambia alikuwa tarishi wa shirika moja pale mjini. Meneja akifunga simu saa tisa na nusu anaondoka na ufunguo, wao wanabaki na ofisi. "Tulikuwa tunagonga," akasema, akaweka kidole pale mkonga unapolala, akaonyesha: nne, akatulia, mbili, akatulia, kisha mfululizo mrefu wa kumi. Ndiyo, maana kugonga pale ni kukata umeme vilevile, kituo cha simu hakijui kama ni kisahani au ni kidole. Nasi nyumbani tulikuwa tunagonga, na nilidhani ujanja huo tuliubuni mtaani kwetu. Mzee akasema mchumba wake alikuwa karani Bandarini, na namba yake ya tarakimu tano ilikuwa na sifuri mbili. "Kidole kilikuwa kinavimba. Ukikosea hesabu ukaishia tisa, au ukapiga ya kumi na moja, unaanza upya."

Niliporudi nyumbani nilivuta kidroo. Mna kadi, maandishi ya kalamu ya risasi, namba tano tano: daktari, bucha, "shule", moja imekatwa kwa mstari mara mbili.

Hesabu sasa. Elfu sitini, na waya mpya wa mkonga, na skrubu za kengele ambazo hazikuwa kwenye kopo. Kisahani sikuweza kukijaribu kwa sababu kimefungwa, yaani nilinunua kinyume na yote niliyowaandikia hapo juu. Laini ya waya wa shaba kwangu haipo tena, ipo faiba, na kisanduku cha faiba nilichonacho hakielewi mapigo. Simu ikipigwa inalia, tena inalia kwa kishindo, naongea vizuri. Kupiga siwezi, kwa kisahani wala kwa kugonga. Kwa hiyo kufuli halinipunguzii kitu, baba angefurahi. (Tahadhari: wakati inalia msishike nyaya. Umeme wa kengele si ule wa betri, unarusha.)

Nilipoanza kuandika nilitaka niwaambie bei ya chee kwa simu hizi haipo, ni hadithi ya watu wa mapambo. Wale ambao wanazitoboa kuwa taa za mezani sitawazungumzia, damu itanipanda. Lakini nikiitazama ile ya Gerezani nasema ndiyo, ilikuwa chee, na angeng'ang'ania themanini ningetoa. Hilo ni kwa yangu. Kwa msomaji anayeanza, asiye na fundi saa anayemfahamu, asiye na bisibisi mfukoni, na ambaye uso wake hausemi uongo kama wangu ulivyoshindwa, nunua iliyo nzima kwa mtu aliyeitengeneza, hata kama ni laki na nusu. Isipokuwa ukikuta yenye kufuli. Hiyo chukua, na ikiwa hutaki, niandikieni kupitia gazeti.

Msomaji wenu, Ilala