Saa ndefu ya sentimita 35: usipunguze urefu peke yake

Msomaji wa Moshi ameniandikia. Ameunda saa ndefu ya kabati, zile za kizamani za Uingereza, kwa kipimo cha moja kwa sita. Imependeza, ila kila siku mshale wa dakika ukifika kwenye 9 unagoma.

Ndugu yangu, usitupe mashine ya betri inayozungusha mishale. Kutoka 6 kwenda 12 mshale unapanda, na kwenye 9, ukiwa umelala, uzito wake ndio unavuta zaidi. Anza na betri mpya. Ikigoma tena, pima mshale: uso wa saa una kipenyo cha milimita 50, basi mshale usizidi 22 kutoka katikati. Mishale ya dukani ni ya saa za ukutani. Kata ncha kwa mkasi, mkia, yaani kipande kifupi cha upande wa pili wa katikati, usiuguse, maana ndio unaosawazisha. Acha milimita 4 kati ya mishale na plastiki ya mbele.

Vipimo kwa milimita: kitako upana 70, kiuno 50, kichwa 80, kina 40, kimo 350. Mashine ya betri ina upana wa 56, kwa hiyo inakaa kichwani tu, na kuta zisizidi unene wa milimita 4. Watu wanatumia mbao za 10 halafu wanashangaa saa inafanana na kabati la vyombo!

Mgrevilea na mvule viacheni, nyuzi zake ni pana mno kwa kitu kidogo. Mwili uwe plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi, taji na pembe ziwe mpingo. Mabaki yapo kwa wachongaji wa vinyago Arusha. Baadhi ya saa za London za miaka ya 1670 zilikuwa nyeusi hivyo hivyo. Mpingo una mafuta: ufute kwa spiriti dakika chache kabla ya gundi, la sivyo utabanduka. Toboa kwanza kwa keekee ya milimita 1, ndipo upige msumari.

Pendulamu, ule uzito unaoning'inia na kuyumba, ya saa halisi ina urefu wa karibu milimita 994 na hupiga kila sekunde. Ukiipunguza mara sita hadi 166 inapiga kila sekunde 0.41, inahangaika kama mkia wa mbuzi. Ifunge isicheze, iwe pambo tu; saa inaendeshwa na betri.

Na nambari ya nne andika IIII. Nyuso nyingi za zamani zina IIII, si IV.